Mgeni Asiyejua Kuwa ni Mgeni: Kwa Nini Mashine Pepe Huzorota, na Chanzo Hutafutwaje

Mtu anafungua kipimo cha utendaji ndani ya mashine pepe yake na kuona kwamba prosesa inatumika kwa asilimia 12 tu, kumbukumbu haijajaa hata nusu, na diski imetulia. Hata hivyo kishale cha kipanya kinaburuzika kana kwamba kimefungiwa jiwe, na dirisha moja huchukua sekunde 20 kufunguka. Hatua anayoichukua kwa kawaida ni kuizima mashine hiyo, kuiongezea kumbukumbu na prosesa, kisha kuiwasha tena, na mara nyingi huikuta imekuwa nzito kuliko ilivyokuwa mwanzo. Hakukosea kusoma vipimo. Alikosea mahali pa kuvisomea.

Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. Ile halisi huitwa mwenyeji, iliyoundwa ndani yake huitwa mgeni, na anayegawa prosesa, kumbukumbu, diski na mtandao kati yao ni haipavaiza, kama vile VirtualBox, VMware, Hyper-V au KVM. Mfumo endeshi wa mgeni umeandikwa kwa imani kwamba ndio mtawala pekee wa mashine nzima, na kazi ya haipavaiza ni kuilinda imani hiyo isivunjike. Kwa hiyo mgeni haambiwi kwamba prosesa yake imeazimwa na programu nyingine kwa sehemu ya sekunde, wala kwamba sehemu ya kumbukumbu anayoiona kuwa RAM imehamishiwa kwenye diski ya mwenyeji. Vipimo vyake havidanganyi. Vinasema vinachokijua, na vinachokijua ni kidogo. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mambo yamegeuka, kwa sababu mwenyeji akiugua, mgeni ndiye anayehema. Uchunguzi wowote wa mashine pepe iliyozorota huanzia kwa mwenyeji, hata pale ambapo dalili zote zinaonekana kwa mgeni.

Swichi iliyofichwa kwenye BIOS

Kabla ya kuzungumzia uzito, kuna mashine zisizowaka kabisa, au zinazowaka lakini hazitoi chaguo la kusakinisha mfumo wa biti 64. Chanzo chake kinaeleweka vizuri mtu akijua historia kidogo. Wazo la mashine pepe ni la zamani: IBM ilitangaza VM/370 mwaka 1972, na mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliandika masharti ambayo prosesa inapaswa kuyatimiza ili ibebe wageni bila kasoro. Kiini cha masharti hayo ni kwamba kila amri inayogusa hali ya mashine nzima lazima inaswe mgeni anapoitoa, ili haipavaiza iingilie kati na kuishughulikia kwa niaba yake. Prosesa za x86, ambazo ndizo zilizoenea kwenye kompyuta za mezani na za mapajani, hazikutimiza sharti hilo; uchambuzi wa Pentium uliotolewa mwaka 2000 ulihesabu amri 17 zilizopita bila kunaswa. VMware, iliyotoa Workstation yake ya kwanza mwaka 1999, ililizunguka tatizo hilo kwa kuzitafsiri upya amri za mgeni papo kwa papo.

Suluhisho la kudumu lilikuja ndani ya prosesa zenyewe, pale Intel ilipoleta VT-x mwaka 2005 na AMD ikafuata na AMD-V mwaka 2006. Haipavaiza za leo zimejengwa juu ya uwezo huo kiasi kwamba VirtualBox, tangu toleo la 6.1 la Desemba 2019, imeiondoa kabisa njia ya zamani ya kufanya kazi bila msaada wa prosesa. Tatizo ni kwamba uwezo huo unaweza kuzimwa kwenye BIOS au UEFI, yaani programu ya msingi inayoiwasha kompyuta kabla ya mfumo endeshi, na kompyuta nyingi zimetoka kiwandani ukiwa umezimwa. Kwenye mashine za Intel swichi yake huandikwa VT-x au Intel Virtualization Technology, na kwenye za AMD huandikwa SVM Mode, mara nyingi ikiwa imefichwa ndani ya ukurasa wa mipangilio ya juu ya prosesa. Anayetumia Windows anaweza kuthibitisha hali yake kwenye ukurasa wa prosesa ndani ya Task Manager, na anayetumia Linux ataiona kwa amri ya lscpu. Baada ya kuibadilisha ni vyema kuizima kompyuta kabisa kabla ya kuiwasha, kwa sababu baadhi ya mashine hazipokei badiliko hilo kwa kuanzishwa upya peke yake.

Kompyuta za Mac zenye prosesa za Apple, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2020, ni jambo jingine. Prosesa hizo ni za ARM, aina yenye lugha tofauti na ya x86, na mashine pepe haibadilishi lugha ya prosesa. Huigawa tu ile iliyopo. Mgeni wa ARM ataenda kwa kasi nzuri, lakini mgeni aliyeandikiwa x86 atahitaji kuigizwa amri kwa amri, kazi inayofanywa na programu kama QEMU, na hakuna mpangilio utakaoufanya uigizaji huo uwe mwepesi kama mashine pepe halisi. Anayelalamikia uzito wa namna hiyo aanze kwa kutafuta toleo la ARM la mfumo anaoutaka.

Kobe wa kijani

Hali inayowachanganya watu wengi zaidi ni ile ambayo swichi ya BIOS imewashwa, mashine inawaka, lakini inajikokota. Kwenye VirtualBox iliyosakinishwa juu ya Windows, mtu akitazama chini ya dirisha la mgeni kuelekea kulia anaweza kumwona kobe mdogo wa kijani. Waliomchora walikuwa na ucheshi, lakini ujumbe wake ni mzito: VirtualBox haiimiliki VT-x, kwa kuwa Hyper-V imeitangulia.

Hyper-V si programu inayokaa juu ya Windows kama programu nyingine. Ikiwashwa, huingia chini ya Windows yenyewe, na Windows uliyoizoea hugeuka kuwa mgeni mwenye upendeleo. Haipavaiza ya pili ikija baadaye huikuta VT-x imekwisha kushikwa, hivyo hulazimika kuiomba Hyper-V ifanye kazi kwa niaba yake, na kila ombi hupita mlango wa ziada. Mtu anaweza kuapa kwamba hajawahi kuiwasha Hyper-V, na akawa anasema kweli, kwa sababu vitu vingine huiwasha kimyakimya: WSL 2 (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), Docker Desktop (programu ya kuendesha kontena), Windows Sandbox (Windows ya majaribio ndani ya Windows), na ulinzi wa kumbukumbu uitwao Memory Integrity, ambao kwenye kompyuta nyingi mpya zenye Windows 11 huja ukiwa umewashwa. Amri ya systeminfo huitoa siri hiyo: mwishoni mwa maelezo yake kutakuwa na sentensi inayosema kwamba haipavaiza imegunduliwa.

Anayetaka kuizima hufungua dirisha la amri kama msimamizi, akaandika bcdedit /set hypervisorlaunchtype off, akaizima kompyuta na kuiwasha upya. Neno auto likiwekwa mahali pa off, hali ya awali hurudi. Lakini kabla ya kufanya hivyo inafaa kupima anachokipoteza, kwani WSL 2 na Docker Desktop inayoitegemea zitakoma kufanya kazi, na Memory Integrity ni ulinzi wa kweli dhidi ya programu hasidi zinazolenga keneli, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi. Kwa maoni yangu, mtu anayehitaji vyote kwa pamoja kwenye Windows apumzishe vita hivi na kuwahamishia wageni wake Hyper-V yenyewe, au atumie VMware Workstation, ambayo tangu toleo la 15.5.5 la mwaka 2020 imejifunza kuishi juu ya Hyper-V kwa utulivu zaidi.

Kwenye Linux ugomvi huohuo umezuka kwa sura nyingine. Kuanzia keneli 6.12, KVM huishika VT-x mara tu moduli yake (kipande kinachoongezwa kwenye keneli) inapopakiwa, badala ya kusubiri mashine pepe ya kwanza iwashwe kama zamani, na VirtualBox inaweza kukataa kuwasha mgeni ikitoa kosa la VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE. Tiba ni kuiondoa moduli ya KVM, au kuongeza kvm.enable_virt_at_load=0 kwenye vigezo vya kuwashia keneli. Kosa jingine la Linux, lile linalosema moduli ya VirtualBox iitwayo vboxdrv haikupakiwa, mara nyingi hutokana na Secure Boot, ulinzi wa UEFI wakati wa kuwaka, kukataa moduli isiyo na sahihi. Moduli hiyo itiwe sahihi kwa ufunguo uliosajiliwa kwenye UEFI, badala ya kukimbilia kuizima Secure Boot.

Prosesa nane zinazoshindwa na mbili

Inaonekana ni busara kumpa mgeni prosesa pepe nyingi iwezekanavyo. Mwenyeji mwenye prosesa ya viini 4 (sehemu zake zinazofanya kazi) na nyuzi 8 (foleni mbili za kazi kwa kila kiini) huonyesha namba 8, na mtu humkabidhi mgeni zote 8. Hapo kuna makosa mawili. La kwanza ni kwamba nyuzi mbili za kiini kimoja hugawana vifaa vilevile vya ndani, kwa hiyo hazifanyi kazi ya viini viwili. La pili ni kubwa zaidi, na linahusu kufuli.

Keneli ya mfumo wowote wa kisasa hulinda taarifa zake kwa kufuli ndogondogo ambazo prosesa moja huzishika kwa muda mfupi mno, huku nyingine zikizunguka palepale zikisubiri. Kwenye kompyuta halisi, kusubiri huko huisha kabla hakujaonekana. Kwa mgeni, haipavaiza inaweza kuiondoa kwenye kiini halisi prosesa pepe iliyoshika kufuli, ili impe nafasi kivinjari cha mwenyeji, na wakati huo prosesa pepe saba zilizobaki zitaendelea kuzunguka zikingoja kufuli ambayo mwenye nayo amelala. Muda uliopaswa kuwa wa mikrosekunde huwa wa milisekunde, tena muda huo unateketeza viini halisi ambavyo vingeweza kumwamsha aliyelala. Prosesa za kisasa na haipavaiza zina mbinu za kugundua mzunguko wa namna hii na kuupunguza, lakini haziumalizi.

Kwa hiyo mgeni wa kazi za kawaida aanzie prosesa pepe 2, na aongezewe pale tu anapoonekana akizitumia zote kwa muda mrefu. Jumla aliyopewa isizidi viini halisi, na mwenyeji abakiziwe angalau kimoja. Kwenye seva zenye wageni wengi kuna kipimo kinachomsaidia mgeni kuchungulia nje ya ukuta wake. Linux iliyo juu ya KVM au Xen, haipavaiza nyingine ya seva, huonyesha kwenye amri ya top safu iliyoandikwa st, ambayo ni asilimia ya muda ambao mgeni alikuwa na kazi mkononi lakini haipavaiza ikawahudumia wengine. Kwenye vSphere, mfumo wa VMware wa seva, kipimo kinachofanana nacho huitwa CPU Ready, na hutolewa kwa milisekunde ndani ya kila kipindi cha sekunde 20, hivyo milisekunde 2,000 ni sawa na asilimia 10. Wasimamizi wengi huanza kuinua nyusi kinapofika asilimia 5 kwa kila prosesa pepe. Namba hizi zikiwa juu, kuongeza prosesa ni kumwaga mafuta kwenye moto. Kinachotakiwa ni kuwapunguzia wageni prosesa au kuwahamishia baadhi yao mahali pengine.

Kumbukumbu inayoisha bila mgeni kujua

Tuchukue kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8. Mfumo wa mwenyeji pamoja na kivinjari chenye kurasa kadhaa hutumia karibu gigabaiti 4, na mmiliki amempa mgeni 6. Jumla ni 10, na hakuna anayelalamika wakati wa kuwasha, kwa sababu haipavaiza nyingi hazichukui kumbukumbu yote mara moja. Humpa mgeni kurasa za kumbukumbu, yaani vipande vidogo vyake, kadiri anavyozigusa. Nusu saa ya kwanza kila kitu huenda vizuri. Kisha mgeni, kama mfumo wowote wenye akili, huanza kuitumia kumbukumbu iliyo wazi kama kache, yaani akiba ya muda, ya faili alizozisoma, akiamini kwamba RAM isiyotumika ni RAM iliyopotea. Gigabaiti alizopewa hujaa taratibu. Kwa macho yake kache hiyo inaweza kutupwa wakati wowote, kwa hiyo kipimo chake bado kinaonyesha nafasi tele. Kwa macho ya mwenyeji kila ukurasa uliowahi kuguswa na mgeni ni mali ya mgeni, na hana njia ya kutambua upi ni kache na upi ni kazi muhimu. Akielemewa, mwenyeji huanza kuzihamishia kurasa hizo kwenye diski bila mpangilio unaomfaa mgeni.

Hapo ndipo panapotokea ile hali ya mashine inayoanza vizuri kisha ikachoka. Kusoma RAM huchukua kiasi cha nanosekunde 100. Kusoma SSD huchukua takriban mara elfu moja ya hapo, na diski ya kuzunguka mara laki moja. Mgeni anasoma anachokiita RAM, akangojea diski, na hakuna kipimo chake chochote kinachoonyesha kwamba diski imehusika. Hali huwa mbaya zaidi pale mgeni naye anapokuwa na eneo lake la kuhamishia kumbukumbu: anaamua kuuhamishia ukurasa kwenye diski yake, lakini ukurasa huo ulikwishahamishwa na mwenyeji, hivyo lazima kwanza urudishwe kwenye RAM ili tu uandikwe upya kwenye diski. Kazi moja isiyo na faida hufanyika mara mbili.

Ushahidi uko kwa mwenyeji. Kwenye Windows, Resource Monitor ina safu ya Hard Faults ambayo inapaswa kuwa karibu na sifuri kompyuta ikiwa imetulia. Kwenye Linux, amri ya vmstat 1 ina safu mbili, si na so, zisizopaswa kuonyesha namba sekunde baada ya sekunde. Kwenye Mac, Activity Monitor hupaka rangi ya njano au nyekundu shinikizo la kumbukumbu linapopanda. Dalili hizi zikionekana, mgeni apunguziwe. Katika mfano wetu, mgeni wa Linux mwenye gigabaiti 3 ataenda kwa kasi kuliko alipokuwa na 6, na hili ndilo ushauri ambao watu huupokea kwa shingo upande kuliko ushauri mwingine wote ninaoutoa. Mpaka wa chini nao upo: Windows 11 kwa masharti yake yenyewe hutaka gigabaiti 4, viini 2, diski ya gigabaiti 64 na chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo VirtualBox imeweza kuiiga tangu toleo la 7.0 la mwaka 2022. Kompyuta ya gigabaiti 8 itaiwasha Windows 11 ndani yake, lakini kazi nyingine za mwenyeji zifungwe kwanza.

Haipavaiza za seva zina mbinu ya puto: draiva (programu ya kuendeshea kifaa) maalumu ndani ya mgeni huvimba kwa kuomba kumbukumbu kutoka kwa keneli ya mgeni mwenyewe, keneli hutupa kache isiyohitajika ili kulilisha, na kurasa zilizomo ndani ya puto hurudishwa kwa mwenyeji. Uzuri wake ni kwamba uamuzi wa nini kitupwe unabaki kwa yule anayejua. Bila draiva hiyo ndani ya mgeni, puto halipo.

Diski, na ule mnyororo wa snapshoti

Niliwahi kuitwa kuitazama seva moja ya hifadhidata iliyokuwa ikipoteza kasi kidogo kila wiki. Walikuwa wameiongezea prosesa mara mbili na kumbukumbu mara tatu. Ndani yake hakukuwa na kitu cha ajabu, isipokuwa kwamba kila uandishi kwenye diski ulichelewa. Kwenye folda ya mwenyeji tulikuta mnyororo mrefu wa faili za snapshoti, yaani alama za hali ya mashine ambayo mtu anaweza kuirudia, ambao hakuna aliyekuwa na habari nao: programu ya nakala rudufu ilikuwa ikitengeneza snapshoti kila usiku na kushindwa kuzifuta.

Snapshoti hudhaniwa kuwa nakala ya diski, na dhana hiyo ndiyo inayoleta madhara. Inapochukuliwa, faili ya diski iliyopo hufungwa isiandikwe tena, na mabadiliko yote yanayofuata huandikwa kwenye faili mpya ya tofauti. Mgeni akitaka kusoma kipande fulani, haipavaiza hukitafuta kwenye faili ya juu kabisa. Asipokipata huteremka kwenye inayofuata, na kuendelea hivyo hadi msingi. VMware hushauri snapshoti moja isikae zaidi ya saa 72, na ingawa mnyororo unaruhusiwa kufika 32, hushauri zisizidi 2 au 3 ili kasi isiathirike. Kufuta snapshoti nako si kufuta faili: ni kuunganisha tofauti na msingi, kazi inayoweza kuchukua saa nyingi na kuhitaji nafasi ya ziada. Anayezifuta faili hizo kwa mkono ili kuokoa nafasi huwa ameiua mashine nzima.

Aina ya diski halisi ina uzito wake. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hutumia wastani wa milisekunde 4 kusubiri sehemu inayotakiwa ifike chini ya kichwa chake, na muda zaidi wa kukisogeza kichwa chenyewe, hivyo haizidi sana maombi mia moja ya nasibu kwa sekunde. Mfumo endeshi mmoja unaweza kuyatumia yote wakati wa kuwaka. Mifumo miwili ikigombea kichwa kimoja, hakuna mpangilio utakaowaokoa. Kuhamishia faili ya mgeni kwenye SSD ndiyo badiliko pekee la vifaa ninaloweza kulipendekeza bila kupima kwanza.

Kuna mambo madogo ambayo hayaonekani ndani ya mgeni hata kidogo. Faili ya diski pepe ikiwekwa kwenye folda inayosawazishwa na hifadhi ya mtandaoni, kila badiliko dogo litaifanya programu ya usawazishaji iishughulikie upya faili ya makumi ya gigabaiti. Programu ya kinga dhidi ya virusi ya mwenyeji nayo inaweza kuichunguza faili hiyo kila inapoguswa, na inafaa folda hiyo peke yake isamehewe uchunguzi, huku mgeni akiwa na kinga yake. Faili ikikataa kukua zaidi ya gigabaiti 4 kwenye diski ya nje, diski hiyo imeundwa kwa FAT32. Na mgeni akisimama ghafla bila ujumbe unaoeleweka, itazamwe nafasi ya diski ya mwenyeji: diski pepe inayokua yenyewe huonyesha kwa mgeni gigabaiti 100 hata kama mwenyeji amebakiwa na 5, na VirtualBox, KVM na Hyper-V zote humsimamisha mgeni nafasi hiyo inapokwisha.

Kidhibiti cha diski nacho huchaguliwa wakati wa kusanidi na kusahaulika. IDE na kadi ya mtandao ya e1000 ni maigizo ya vifaa halisi vya zamani, ambavyo mgeni huvigusa mara nyingi kwa kila kazi moja, na kila mguso ni safari ya kwenda kwa haipavaiza na kurudi. Virtio, vifaa pepe vya diski na mtandao, pamoja na vmxnet3 upande wa mtandao wa VMware, viliundwa na watu waliokubali kwamba mgeni ni mgeni, kwa hiyo maombi mengi hupelekwa kwa safari moja. Linux ina draiva za virtio ndani ya keneli. Windows haina, ndiyo maana kisakinishi chake hudai kwamba hakuna diski yoyote mpaka kipewe draiva kutoka kwenye faili ya ISO ya virtio-win. Kuhusu kache ya QEMU, anayeona cache=unsafe ikisifiwa kwa kasi yake ajue kwamba kasi hiyo hupatikana kwa kuyapuuza maombi ya mgeni ya kuhakikisha data imefika kwenye diski, na umeme ukikatika mgeni anaweza kubaki na mfumo wa faili ulioharibika.

Mtandao na skrini

Matatizo mengi ya mtandao si ya kasi bali ya aina ya muunganisho. Kwenye NAT ya kawaida ya VirtualBox, ambapo mgeni hutoka nje kwa kupitia anwani ya mwenyeji, kila mgeni hukaa kwenye mtandao wake wa peke yake na hupewa anwani ya 10.0.2.15, kwa hiyo wageni wawili wenye anwani moja si hitilafu, ila hawataonana. Wanaotakiwa kuonana wawekwe kwenye mtandao wa ndani au kwenye daraja, linalomuunganisha mgeni moja kwa moja na mtandao wa mwenyeji. Daraja juu ya Wi-Fi hukataa mara nyingi, kwa kuwa kituo cha Wi-Fi kwa kawaida hukubali anwani moja tu ya MAC, namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao, kutoka kwa kila kifaa kilichojisajili. Wageni walionakiliwa kutoka kwa mmoja huweza kugongana hata baada ya kubadilishiwa MAC, kwani kwenye Ubuntu ombi la anwani linaweza kutokana na faili ya /etc/machine-id, ambayo nayo imenakiliwa.

Skrini inayokwama kwenye vipimo vidogo, au dirisha linaloacha vivuli likiburutwa, karibu kila mara ni zana za mgeni, yaani draiva na programu ndogo za haipavaiza zinazowekwa ndani ya mgeni, ambazo hazikusakinishwa au ni za toleo lisilolingana na haipavaiza.

Kupima kwa saa ipi

Anayefanya mabadiliko haya abadilishe kitu kimoja kwa wakati, na arudie kazi ileile kabla na baada: kuwasha mfumo, kujenga programu fulani, kunakili folda moja yenye faili nyingi ndogo. Kunakili faili moja kubwa hakufai, kwa sababu kache ya mwenyeji humeza sehemu yake na kutoa namba zinazopendeza bure. Na muda upimwe kwa saa iliyo nje ya mashine pepe.

Sharti hilo la mwisho lina sababu yake. Mgeni huhesabu muda kwa mapigo anayopewa na haipavaiza, na asipopewa zamu, baadhi ya mapigo hukosekana au humfikia yakiwa yamerundikana. Kompyuta ya mapajani ikifunikwa na kulala usiku kucha, mgeni asiye na zana za kusahihisha saa anaweza kuamka akidhani kwamba bado ni jana jioni. Haoni kasoro yoyote, ila ulimwengu wa nje unaanza kumkataa: vyeti vya usalama vilivyotolewa leo kwake havijaanza kutumika, na kuingia kwa Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji kwenye mitandao ya ofisi, hushindikana tofauti inapozidi dakika 5 za kawaida. Watu hutafuta kosa hilo kwenye manenosiri na kwenye ukuta wa moto kwa siku nzima. Chanzo cha muda kichaguliwe kimoja, ama zana za haipavaiza ama NTP (huduma ya kusawazisha saa kupitia mtandao) ndani ya mgeni, kwa sababu vikiachwa vyote viwili vinaweza kuvutana, na saa ikawa inarudi nyuma na kwenda mbele katikati ya kumbukumbu za matukio ambazo mtu anazitegemea kujua kipi kilitangulia kipi.